Naomba ushauri: tairi za kupita njia ya reli ya zamani

Wakuu, heshima kwenu. Naendesha baiskeli ya barabarani yenye tairi za milimita 25. Kwenye njia za lami ni raha tupu, lakini ninayoipenda zaidi ni ile iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani. Treni haziwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mwinuko ni mdogo na unakwenda mbali bila kusumbuliwa na magari.

Tatizo ni changarawe. Mtikisiko unanitia ganzi mikononi, hasa kidole cha pete na kidole cha mwisho, na mvua ikinyesha gurudumu la mbele linazama na kuyumba.

Nimepunguza upepo kutoka psi 100 hadi 75. Mtikisiko ulipungua, ila tyubu ikawa inabanwa na rimu na kupata pancha. Glavu zenye sponji zimesaidia kidogo tu. Fremu na breki haziruhusu tairi zaidi ya milimita 28.

Je, kutoka 25 kwenda 28 nitahisi tofauti kweli, au nijipange kwa baiskeli inayopokea 35 na kuendelea? Na hiyo ganzi, nianze kurekebisha usukani au siti?