Tupeane uzoefu: nesi na tohara huku kwetu Kusini

Mleta mada, Masasi
Habari zenu wakuu. Kampeni ya tohara ya kupunguza VVU ilielekezwa Iringa, Njombe, Tabora, Shinyanga, Kagera na kwingine ambako wanaume wengi hawakuwa wametahiriwa. Mtwara na Lindi jando lipo tangu zamani. Ila kazi ya nesi haijaisha: kuna wanaoletwa kituoni kabla ya kuingia kumbini (kambi ya jando), na kuna wanaoletwa baadaye damu ikiwa haikatiki. WHO (Shirika la Afya Duniani) inakubali nesi aliyefunzwa atahiri, na vituo vyetu vingi daktari ni wa kumtafuta. Wenye ujuzi mwageni vitu, likizo ya Juni hiyo inakuja.

Sista wa Ruangwa
Anza na mzani, siyo kisu. Lignokeini (dawa ya ganzi) isiyo na adrenalini mwisho ni miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 30 ni miligramu 90, yaani mililita 9 za dawa ya asilimia 1, au 4.5 tu za asilimia 2. Chupa zinafanana, ndiyo maana watu huzidisha mara mbili bila kujua. Soma lebo kwa sauti, mwenzako asikie. Ukishachoma, vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia, ndipo usukume dawa. Subiri dakika 3 hadi 5, bana ngozi kwa koleo kupima ganzi. Akishtuka, subiri tena. Ukiongeza, ukomo ni hesabu ile ile ya kilo. Yenye adrenalini usiiguse kabisa kwenye uume.

Nesi wa Newala
Dada kamaliza la ganzi. Kabla ya hapo vuta govi uangalie tundu la mkojo. Likiwa chini badala ya nchani, usikate, hata baba akilalamika kwamba wenzake wanaingia kumbini Jumamosi. Ngozi hiyo ndiyo bingwa ataitumia kumrekebisha. Uliza pia kama kuna mtu wa ukoo aliyeng'olewa jino damu ikagoma kukatika.

Chini ya miaka 15 achana na njia ya kubana govi kwa koleo na kukata kwa mpigo mmoja. Kichwa cha uume wa mtoto ni kidogo, kinanaswa bila wewe kukiona. Pasua govi kwa juu kwanza, kichwa kionekane chote, ndipo uzungushe mkasi.

Damu inayosumbua hutoka upande wa chini, kwenye ule ugwe unaoshika govi na kichwa. Kandamiza kwa gozi dakika kadhaa mfululizo, usichungulie kila mara. Ukishona hapo usizamishe sindano: njia ya mkojo ipo karibu mno, ukiitoboa mtoto atakojolea pembeni. Uzi ni katigati (unaoyeyuka wenyewe) saizi 3-0 au 4-0. Tanguliza chini, juu, kushoto na kulia, halafu ujazie katikati.

Mwanachama, Kilwa
Sasa wakuu, kama jando lipo, ukimwi si tungeshausahau?

Sista wa Ruangwa
Mdogo wangu, majaribio ya tohara ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) yalionyesha kinga ya kama asilimia 60, tena ni kwa mwanaume asiambukizwe na mwanamke. Arobaini iliyobaki ni kondomu na kupima. Halafu ngariba mwingine hukata ncha tu, govi linabaki nusu, na kisu kimoja kinapita kwa watoto wote. Ukiweza kukubaliana naye jambo moja tu, liwe hilo la kisu.

Mleta mada, Masasi
Na kidonda?

Nesi wa Newala
Bandeji ikae saa 48, isikaze; ikikaza mkojo unagoma. Ikigandia, ilowekwe kwa maji safi ya chumvi, isivutwe kavu. Majivu, udongo na majani marufuku, pepopunda inaingilia humo. Mwambie akojoe kabla ya kulala, usiku uume ukisimama unavuta nyuzi. Vijana wakubwa na waume za watu: wiki 6 bila tendo, hata kidonda kikionekana kimepona, maana kwenye kidonda kibichi VVU hupita kirahisi zaidi.

Ukaguzi ni siku ya 2 na ya 7. Mwali (kijana wa jando) akiwa kumbini haletwi kituoni, anafuatwa, na nesi wa kike haingii kule. Kwa hiyo zamu za manesi wa kiume zipangwe mapema, kabla kumbi halijafungwa.