Udongo mwekundu wa Mufindi unacheza chini ya rola: niongeze mizunguko au nikodi mtambo mwingine?

Msimamizi wa Tuta:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Nasimamia barabara ya kilomita 3 inayopita kwenye mashamba ya chai hapa Mufindi, na tumeanza kuinua tuta kwa kifusi cha udongo mwekundu. Rola letu ni la tani 10, la ngoma laini yenye mtetemo. Safu ya kwanza tuliimwaga kwa unene wa sentimita 35 na tumeipitia mara 12, lakini kila rola likipita udongo unabonyea na kuinuka nyuma yake kama godoro. Jana asubuhi kisigino cha buti langu kilizama mahali ambapo juu palionekana pagumu kabisa. Gharama za kukodi mtambo mwingine zinaniumiza, ila sitaki malori ya chai yaje kukwama hapa masika.

Dereva wa Greda:
Kamwene, ndugu. Usiongeze hata mzunguko mmoja. Kushindilia ni kufukuza hewa iliyo kati ya chembe za udongo. Udongo wako umeshiba maji, na maji hayabanwi, wala hayatoki upesi kwenye udongo wa mfinyanzi kama huo. Ichimbue safu yote kwa meno ya greda, uigeuzegeuze juani. Kisha ufumbate udongo kiganjani: ukishikamana na ukakatika vipande viwili safi, uko tayari; ukilowesha vidole, subiri.

Fundi Maabara:
Naunga mkono, lakini hata ukikauka, sentimita 35 ni nyingi mno kwa mfinyanzi chini ya rola hilo. Mwaga sentimita 20, zitakazoshuka hadi kama 15. Kodi rola la miguu ya kondoo, lile ambalo ngoma yake ina vyuma vilivyochomoza kama miguu, kwa sababu miguu yake hukanda safu kuanzia chini, na utajua limekaribia kumaliza pale itakapoacha kuzama na kuanza kutembea juu. Anzia kingoni kwenda katikati. Rola lako la ngoma laini usilirudishe: kila jioni lipitishe ili lifunge uso wenye mwinuko katikati, mvua ya usiku iteleze pembeni. Safu inayofuata isimwagwe kabla ya kupima msongamano wa udongo ulioshindiliwa na kuulinganisha na ule wa maabara. Mkataba wako ukidai asilimia 95 ya ule wa maabara, macho hayawezi kuthibitisha hilo.

Msimamizi wa Tuta:
Nashukuru sana. Greda limeshachimbua mita 60 za kwanza. Udongo niliofumbata saa tisa alasiri uliacha maji katikati ya vidole, kwa hiyo rola limeegeshwa pembeni, na kesho tutaugeuza tena.