Tupeane uzoefu: njia tamu, kambi chungu

Kijana wa Katuba
Wandugu, tupeane uzoefu wa safari ambayo njia ilikupendeza mpaka ukasahau njaa, halafu pale pa kulala pakakuvunja moyo. Iwe Hiace, iwe Land Cruiser, iwe yale magari yenye kitanda na jiko ndani, leteni visa.

Naanza mimi. Mwezi wa tisa tulichukua Hiace ya mjomba, tukatoa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukapakia mbabula (jiko la makaa), makala yake na unga wa bukari (ugali). Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi sina la kusimulia: malori ya asidi, malori ya shaba, peaji (ushuru wa barabara), vumbi. Utamu ulianza tulipoacha lami. Kipindi kile miti ya miombo inatoa majani mapya kabla mvula haijaanza, na hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya waya wa shaba uliosuguliwa, kilima baada ya kilima. Vichuguu vya mchwa vimepita paa la gari, na kimoja kimeota mti kileleni. Tulisimama ovyo: mara asali ya chupa, mara picha, mara hatujui hata tumesimamia nini.

Jioni tukafika kambini, kando ya Lufira. Kwenye picha za simu palikuwa na nyasi, kibanda cha makuti na moto wa kuota. Tulikuta uwanja wa udongo, choo kimepigwa kufuli, mwenye ufunguo amekwenda kilioni kijiji cha pili. Mto upo, lakini nyuma ya matete, unausikia, huuoni. Mlinzi akasema bei ni ileile, dola 20, maana usalama upo. Usalama wenyewe ni yeye, na usiku aliomba kulala kiti cha mbele cha Hiace yetu kwa sababu nje alikuwa anaogopa.

Mama Kamalondo
Mwanangu, nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Mlinzi huyo ana akili kuliko sisi wote.

Sisi ilikuwa Kasenga, sikukuu ya familia. Njia nzuri, watoto wanaimba, na ule wakati unapouona mto Luapula kwa mara ya kwanza, mpana, umetulia, na ng'ambo ni Zambia, mtu unashukuru Mungu. Tuliahidiwa mahali pa kupiga hema ufukweni. Ufukwe tulipata, ila katikati ya vichanja vya kukaushia samaki. Sasa Kasenga imeishi kwa samaki tangu zamani. Enzi za Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, Wagiriki walikuwa wananunua samaki huko na kuwaleta mjini kulisha watu wa migodi. Kwa hiyo samaki sina ugomvi nao. Lakini kulala katikati yao, upepo unatoka mtoni, na mbu wanaingia hata pale ambapo pumzi haiingii! Baba watoto alisema tushukuru, harufu haikuandikwa kwenye hesabu.

Yaya wa Ruashi
Mimi changu ni cha Marekani, msinicheke. Nilikwenda kumwona mdogo wangu, akakodi hilo gari-nyumba: kitanda, jiko, friji, choo, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu. Tukapita njia moja ya milimani inaitwa Blue Ridge Parkway, kutoka Virginia mpaka North Carolina, kilomita 755. Walianza kuijenga 1935, wakaimaliza 1987, na waliijenga kwa ajili ya kutazama tu. Malori ya biashara hayaruhusiwi. Mabango ya matangazo hakuna. Mwendo mwisho kilomita 72 kwa saa, na sehemu nyingine chini ya hapo. Nyie mnaojua foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, fikirieni siku nzima bila kuona lori! Nilikuwa nageuka nyuma kama vile mtu ananifuata. Ilikuwa mwezi wa kumi, miti inabadilika rangi, ukungu umelala mabondeni. Kuna mahandaki 26, na kila tukikaribia moja shemeji anauliza kwa sauti gari letu lina urefu gani kwenda juu, ingawa imeandikwa mbele yake.

Halafu tukashuka tukatafute kambi yenye bomba, umeme na shimo la kumwagia maji taka, maana tangi lilikuwa limejaa na hilo halingoji. Tukapangiwa nafasi. Kokoto, magari-nyumba ubavu kwa ubavu, ukifungua dirisha unajua jirani anapika nini. Na nyuma ya uzio, barabara kuu! Malori yote niliyoyakosa mchana yalikuwa yananingojea pale, usiku kucha. Mdogo wangu anasema ndiyo kawaida, kambi hizi hukaa karibu na barabara ili magari makubwa yaingie kwa urahisi. Sawa, lakini bei yake ungepata chumba cha hoteli hapa mjini na chai ya asubuhi.

Dereva wa Kasumbalesa
Mnalilia kokoto? Sisi tunalala kabini foleni nzima, siku juu ya siku. Nisikilizeni. Picha za kambi usizitazame. Ukifika mahali, tazama kama kuna mama anauza bukari. Akiwepo, maji yapo karibu, watu wanapita, na mtu wa kumuuliza habari za usiku unaye. Pasipo na mama wa chakula, endelea. Na pa kulala patafutwe kabla ya saa kumi jioni. Ukifika na giza, utakubali chochote.

Kijana wa Katuba
Papa Dereva, asante. Sasa nani amefika Lofoi? Nataka niende mwezi wa kumi, barabara ikiwa kavu.

Mwalimu wa Likasi
Mwezi wa kumi utakuta jiwe. Maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300, lakini mwisho wa kiangazi maji hupungua sana. Zile picha zenye ukungu mweupe ni za baada ya mvula. Shida yetu Katanga ndiyo hiyo: maji yakijaa njia haipitiki, njia ikipitika maji yamekwisha. Nenda mwezi wa tano. Mvua imekoma, udongo umeanza kushika, mto bado una nguvu. Ila Kundelungu, uwanda wa juu yalipo maporomoko, ni karibu mita 1,700, usiku wa mwezi wa tano na wa sita ni baridi kweli. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 1970, kwa hiyo uliza kiingilio na ruhusa ya kulala ukiwa bado mjini.

Yaya wa Ruashi
Mwalimu, choo kipo?

Mwalimu wa Likasi
Beba koleo.

Dereva wa Kasumbalesa
Na hiyo Hiace ya mjomba ina tairi za akiba ngapi? Moja haitoshi kwa kupanda kule.