Mdomo umenikauka tangu hedhi ikome. Ni umri huu au nina maradhi?

BintiKibokoni: Asalaam aleikum. Nina miaka 52, hedhi imekoma mwaka wa pili sasa. Joto la ghafla nishalizoea, ila mdomo huu wanishinda. Hamri nikilitafuna lageuka unga, laganda kwenye kaakaa mpaka nilisukume kwa chai. Usiku ulimi wanata, naamka mara tatu kutafuta maji. Achari ya embe niliyoila tangu utotoni sasa yaniunguza ncha ya ulimi. Na jino limetoboka pale penye ufizi. Daktari wa meno kanambia nipunguze vitamu, basi. Chai yenyewe nainywa bila sukari! Shoga yangu asema ni homoni. Homoni na mate wapi na wapi?

MamaTudor: Pole dada. Mimi mimba ya kwanza ilikuwa kinyume, natembea na kikopo cha kutemea mate mpaka kwenye matatu. Aibu tupu.

NesiLikoni: Zahusiana sana, dada. Tezi za mate zina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Hedhi ikikoma estrojeni hushuka, na baadhi ya wanawake mate huwapungua, wengine ulimi huwawaka moto. Mtu mzima hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na ndiyo yanayopoza asidi na kulirudishia jino madini. Yakiadimika, meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi. Lakini tusiisingizie homoni kila kitu. Unameza dawa gani? Na macho je?

BintiKibokoni: Ya presha, ile ya kukojoza. Na ya mzio kila usiku, kwa ajili ya vumbi. Macho kama yana mchanga, nikadhani ni moshi wa jiko.

MzeeKongowea: Tafuna tambuu binti yangu, mate yatajaa yenyewe.

NesiLikoni: Mzee wangu, kwa heshima zote, hapana! Popoo iliyomo kwenye tambuu huleta saratani ya mdomo.
Dada, dawa zako zote mbili hukausha mdomo. Ya presha usiiache kwa hiari yako, mwambie daktari akutazamie nyingine. Omba upimwe sukari, na umtajie huo mchanga wa machoni. Kuna ugonjwa wa Sjögren, kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi; katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake, na wengi hugunduliwa wakishapita miaka 40. Kwa sasa piga funda za maji kidogo kidogo, tafuna chingamu isiyo na sukari, na dawa ya meno iwe yenye floridi. Vidonge vya homoni usijinunulie dukani kwa ajili ya mate.

BintiKibokoni: Nimezitoa dawa zote kabatini, nimezitia kwenye mfuko. Jumatatu naenda nazo. Yule wa meno hakuniuliza hata moja.

MamaTudor: Utuambie walivyosema.