Langalanga: je, ni haki bingwa kupunguziwa majaribio ya umbo la gari?

Wadau, naiweka mada hii mezani kwa sababu Jumapili ikifika saa kumi jioni, mbio za Ulaya zinapoanza, ubishi hapa Malindi ni uleule, na hauishi hata gari la mwisho likishavuka mstari. Hoja yenyewe ni hii: kwenye langalanga, yaani Formula 1, timu iliyoshika nafasi ya kwanza hupewa nafasi chache kuliko zote za kujaribu umbo la gari lake kwenye handaki la upepo, chumba ambamo gari hupulizwa hewa kuona inavyolipita, na iliyovuta mkia hupewa nyingi kuliko zote. Wenzangu wengi wanaita dhuluma. Mimi nasema ni sheria bora kuliko zote zilizoingia kwenye mchezo huu miaka ya karibuni, na nasema hivyo nikiwa shabiki wa Ferrari, timu ambayo katika mji huu wenye Waitaliano tele hakuna anayekuuliza kwa nini unaishabikia.

Hesabu iko hivi tangu 2022. Msingi ni majaribio 320 kwa kila kipindi cha takribani wiki nane. Bingwa hupata asilimia 70, yaani 224. Kila nafasi inayofuata huongezewa tano, hadi timu ya kumi inayopata 115, yaani 368. Mwishoni mwa Juni mgao hupangwa upya kwa kufuata msimamo wa wakati huo. Na kinachoingizwa handakini si gari zima, ni mfano wake usiozidi asilimia 60 ya ukubwa halisi. Majaribio ya hewa yanayofanywa kwa kompyuta nayo yana mgao wake.

Hoja nzito kuliko zote niliisikia kwa jamaa yangu mmoja wa Lamu, baharia. Aliuliza: nahodha aliyeshinda mashindano ya mashua mwaka jana, nani atamwambia mwaka huu aje na tanga dogo? Baraza zima likamuunga mkono. Lakini hakuna aliyelikata tanga la bingwa. Gari lake analo, kasi yake anayo, dereva wake yupo. Alichopunguziwa ni siku za kukaa na fundi kushona tanga jipya, na yeye ndiye anayezihitaji kidogo kuliko wote, maana ameshajua mshono upi unashika upepo.

Tusisahau fedha. Kabla ya 2021 hakukuwa na kikomo cha matumizi. Mwenye mfuko mnene alileta bawa jipya, akiona halifai alileta jingine. Kikomo kilipowekwa, dola milioni 145 kwa mwaka ule wa kwanza, kila sakafu mpya, yaani sehemu ya chini ya gari, ikaanza kuwa na uchungu: ukikosea, pesa imekwenda na majaribio yamekwenda.

Najua mtaniletea timu ya Red Bull. Walivuka kikomo hicho cha 2021, wakatozwa faini ya dola milioni 7 na mgao wao ukakatwa asilimia 10, ukashuka kutoka 70 hadi 63. Kisha 2023 wakashinda mbio 21 kati ya 22. Basi sheria ilisaidia nini? Ilisaidia, ila athari yake haionekani siku hiyohiyo. Gari huzaliwa na kazi ya miezi mingi iliyopita. Tazameni 2024: katika mbio kumi za kwanza Red Bull walishinda saba, halafu wenzao wakawafikia, na mwaka ukaisha madereva saba wa timu nne wakiwa kila mmoja ameshinda si chini ya mara mbili.

Waliowapita zaidi ni timu ya McLaren. Walimaliza 2022 wakiwa wa tano, kwa hiyo 2023 walianza na asilimia 90. Gari lao la mwanzo wa mwaka lilikuwa la kuhuzunisha. Julai wakapeleka Austria maboresho makubwa ya mwili wa gari, yakafungwa kwenye gari la dereva wao Lando Norris, na wiki iliyofuata Silverstone, Uingereza, akamaliza wa pili. Mei 2024 wakaenda Miami na furushi jingine, Norris akapata ushindi wake wa kwanza, na McLaren wakafunga mwaka na taji la timu, la kwanza tangu 1998. Sisemi ni mgao peke yake. Walikuwa pia wamejenga handaki lao wenyewe, badala ya kutegemea lile la Toyota kule Cologne.

Sasa Ferrari, maana hapa ndipo wenzangu wanaponiita msaliti. Juni 2024 tulipeleka Barcelona sakafu mpya. Hewa inayopita chini ya gari hukimbia kasi, mgandamizo wake hushuka, na gari zima hunyonywa kuelekea lami. Likishuka mno, njia ya hewa inazibika, mnyonyo unakatika, gari linaruka juu, hewa inapita tena, linanyonywa tena. Ukiliangalia kwenye kona ya kasi unaona kofia ya dereva inatikisika mfululizo. Ndivyo tulivyopatikana. Silverstone tukarudi kwenye sakafu ya zamani, na mpaka Monza, Italia, tulipoleta mpya iliyotulia na dereva wetu Charles Leclerc akashinda, pointi zilikuwa zimeshapotea. Taji tulilikosa kwa pointi 14.

Watu wanasema tungepewa majaribio zaidi tusingefika huko. Hapana. Tulianza 2024 na asilimia 80, McLaren 85. Hiyo ni tofauti ya majaribio 16 kwa kipindi. Tena kudunda kule ni ugonjwa ambao handaki huuona kwa shida sana, kwa sababu mfano umeshikwa na nguzo na hauchezi kama gari lenye springi na matairi yake. Ugonjwa huo unauona barabarani. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi, kwenye mazoezi, unaona bawa limepakwa ile rangi ya majimaji ya kijani: gari likirudi, wahandisi wanainama kusoma michirizi, kuona kama hewa ilipita walikotarajia au imeachana na bawa katikati ya njia. Kilichotuangusha ni sakafu, si sheria.

Na wale wa mwisho je? Timu ya Sauber walimaliza 2024 mkiani wakiwa na pointi 4. Juni 2025 walileta Barcelona sakafu mpya, dereva wao Nico Hülkenberg akamaliza wa tano. Julai, Silverstone, alipanda jukwaa la watatu wa kwanza kwa mara ya kwanza maishani mwake katika mchezo huu, baada ya mbio 239. Siku hiyo mvua ilisaidia, sikatai. Lakini bila lile gari kuboreshwa asingekuwa karibu kiasi cha kuitumia mvua hiyo.

 

Wanaopinga nawauliza hivi: timu ya mwisho ikipewa majaribio sawasawa na bingwa, itamfikia kwa njia gani? Nitajieni timu iliyofika kwa njia hiyo na mwaka iliofika, tuanzie hapo.