Naomba ushauri: namuagaje sensei (mwalimu) wa karate aliyenilea miaka 13 ili niende kwenye judo?

Habari za jioni wakuu. Nimeandika na kufuta mara tatu, sasa naituma kama ilivyo.

Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Temeke. Karate nilianza nikiwa kidato cha tano, mtindo wa Goju-Ryu, kwenye ukumbi wa shule ya msingi ambao sensei wetu huazimwa jioni. Sasa hivi mzee anakaribia miaka 70. Baba yangu alipofariki nilikaa karibu mwaka mzima bila kulipa ada ya mwezi, na hakunitajia hata siku moja. Mkanda mweusi alinifunga mwenyewe. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, kwa hiyo fundo lilichukua muda, na ukumbi mzima ulikaa kimya ukimsubiri amalize. Tukifanya Sanchin, moja ya kata zetu (miondoko iliyopangwa ya mazoezi), hupita nyuma yetu akitupiga mabega kwa viganja kupima kama tumekaza. Mimi humjua kwa nyayo tu kabla hajanifikia.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Unguja miezi saba. Karibu na nilipopanga hapakuwa na dojo (ukumbi wa mazoezi) ya mtindo wetu, nikaingia kwenye judo ili mwili usilale. Kule judo ina mizizi, kuna Mjapani aliyeweka makazi kisiwani akaifundisha miaka mingi. Wiki ya pili, binti mwembamba kuliko mimi alinishika kola na mkono, akageuka, nikajikuta natazama dari. Sikuumia. Nilirudi nyumbani natabasamu njia nzima. Tangu siku ile nikienda kwenye karate naenda kwa ajili ya mzee. Nikienda kwenye judo naenda kwa ajili yangu.

Nimerudi Dar, nimepata klabu ya judo. Mazoezi yao ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, siku zile zile za dojo yetu. Na ufunguo wa ukumbi ninao mimi, watoto nawafundisha mimi. Mwezi uliopita sensei alisimama mbele ya wazazi akasema, "Huyu ndiye atakayebaki na hii kazi nikichoka." Nilinyamaza. Usiku sikulala.

Nimwambieje? Au nibaki tu?

Mdau wa Morogoro

Pole sana dada. Mimi nilimwacha mwalimu wangu wa taekwondo kimyakimya. Niliacha tu kwenda, nikahamia kikiboksi. Miezi kadhaa baadaye alikuja kwenye shindano, akaniona nimevaa fulana ya klabu nyingine. Akanipita bila kunisemesha, halafu akageuka, akaniuliza kama goti limepona. Alikuwa ameambiwa nimeacha kwa sababu ya goti. Uongo huo niliutunga mimi mwenyewe nikawapa wenzangu wampelekee.

Alifariki mwaka juzi. Swali lile la goti ninalo mpaka leo. Nenda kamwambie kwa mdomo wako.

Mdau wa Kinondoni

Mbona unajitesa? Fanya vyote viwili. Judo siku mbili, karate siku moja, mzee hatajua tofauti.

Mleta mada

Asante mkuu, nimejaribu. Kazini natoka saa kumi na moja, Jumapili nina kwaya. Na ukweli ambao sikuuandika juu ni kwamba Jumamosi mbili nimeshakwenda judo nikamwambia sensei nina zamu. Watoto nilimwachia binti mmoja wa mkanda wa kahawia. Miaka 13 sijawahi kumdanganya yule mzee, na sasa nimefanya hivyo mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mdau wa Mombasa

Dadangu, usidhani wewe ndiwe wa kwanza. Kenwa Mabuni, mmoja wa magwiji wa karate, alisoma kwa Anko Itosu, kisha akasoma pia kwa Kanryo Higaonna, na aliyempeleka kwa Higaonna ni rafiki yake Chojun Miyagi, huyo huyo mwanzilishi wa Goju-Ryu yako. Mabuni alipojenga njia yake aliiita Shito-Ryu, jina lililotungwa kwa herufi za Kijapani zinazoanzia majina ya Itosu na Higaonna. Walimu wote wawili wamo ndani ya jina, hakuna aliyefutwa.

Huko unakokwenda nako ni vivyo hivyo. Jigoro Kano, mwanzilishi wa judo, alianza na jujutsu (mieleka ya zamani ya Kijapani) kwa mwalimu Fukuda, Fukuda akafa 1879. Akahamia kwa Iso, naye akafa 1881. Ndipo akaingia mtindo mwingine kabisa, Kito-Ryu, kwa mwalimu Iikubo. Mwaka 1882 akafungua Kodokan, shule yake ya judo, ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, na Iikubo akawa bado anakuja pale kufundisha. Hata huo mkanda mweusi uliofungwa na mzee wako, karate iliuchukua kutoka kwa Kano.

Lakini sitaki kukuficha jambo. Kano walimu wake wawili wa kwanza alitenganishwa nao na mauti. Wako yu hai, na anakuona. Hapo historia haikusaidii, inabidi ujikaze.

Mdau wa Unguja

Mie nacheza judo huku, na nilianzia karate kama wewe. Ya mzee nawaachia wakubwa, nakupa ya ukumbini.

Vaa mkanda mweupe hata kama hukuambiwa. Gi yako ya karate, yaani vazi la mazoezi, iache nyumbani, kitambaa chake chepesi, itachanika begani siku ya kwanza. Ukianguka usitangulize kiganja kujizuia, utavunja kifundo. Kidevu kifuani, upige mkeka kwa mkono mzima. Nasi watu wa karate tuna ugonjwa mmoja: tukishikwa tunakaza mikono tunamsukuma mwenzetu mbali. Mtu wa judo anachokiomba ndicho hicho. Ukimsukuma umempa safari, yeye anakupokea tu. Mie nilichukua miezi minne kujifunza kulegeza mabega, na nilikuwa naona aibu kuangushwa na watoto wa sekondari. Endelea kuanguka, itaondoka.

Na mwalimu mpya mweleze umetoka kwa nani na umeaga vipi. Mwalimu wa maana atakuuliza.

Mwalimu, Arusha

Binti yangu, nafundisha karate mwaka wa 26 huu. Nimeachwa na wanafunzi wengi, wengine niliwapenda kama wanangu. Acha nikuambie upande wetu.

Kuondoka kwa mtu tunakuzoea. Kinachouma ni kuambiwa na mzazi wa mtoto getini, "Kumbe fulani siku hizi yuko kule?" na wewe ujifanye unajua.

Kwa hiyo usimwambie ukumbini, wala kwa simu. Nenda kwake asubuhi, kabla hajachoka. Usibebe zawadi, ataisoma kabla hujafungua mdomo. Mwambie na ule uongo wa zamu, wote, hata kama utakutoa machozi. Mpe tarehe. Ukisema "nitaacha" bila tarehe, kila Jumanne atakuwa anautazama mlango. Mwambie watoto utamkabidhi nani, na uwe umeshazungumza na huyo binti wa mkanda wa kahawia.

La mwisho, na hili naliomba sana: usimwambie "nitakuwa nakuja kukusalimia dojo" kama hutakwenda. Ahadi hiyo mnaitoa ili kupooza maneno, sisi tunaisubiri kweli.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara nyingi. Jumapili naruka kwaya, naenda.

Mleta mada: MREJESHO

Nilifika saa mbili asubuhi. Mama, mke wa sensei, alinikaribisha chai na maandazi, akatuacha uani. Nilisema yote kwa pumzi moja: judo, ratiba, zile zamu za uongo. Sensei alikuwa anazungusha kikombe kwenye kisosi. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu. "Zile Jumamosi mbili, watoto walikuwa na nani?"

Nikamtaja yule binti.

"Safu zake zilinyooka," akasema.

Kumbe alipita. Alisimama nje ya dirisha Jumamosi zote mbili, akaondoka bila kusema kitu, na Jumanne zilizofuata alinipokea kama kawaida. Hapo nililia, naye aliniacha nilie.

Kisha akainuka, akasema, "Nishike hiyo judo yako." Nikamshika kola ya shati na mkono. Akazungusha kiwiko, akashuka chini kwa mguu wa pembeni, ule mwendo wa kwenye kata ya Seiyunchin, nikayumba hatua mbili mpaka nikagusa ukuta. Seiyunchin haina teke hata moja. Miaka yote niliiona kata ya kuchosha, nikawa naipitia ili niimalize. Nilitamani kumwomba arudie, lakini alikuwa ameshika kiuno anahema, nikamsogezea kiti.

Tumekubaliana nibaki mpaka mtihani wa mikanda mwishoni mwa mwezi ujao. Binti atakabidhiwa watoto siku hiyo hiyo, mbele ya wazazi. Kuhusu kurudi hakuniambia nirudi wala nisirudi, na mimi sikuahidi. Sauti yake haikuwa ya kawaida, na hakunisindikiza getini kama anavyofanya siku zote.

Ufunguo niliuweka juu ya meza wakati naaga. Akauchukua, akaniwekea kiganjani. "Alhamisi uwahi kufungua," akasema. "Sakafu inataka kupigwa deki."