Naomba ushauri: Corolla 110 inagonga tik tik, ni valvu au menifoldi ya ekzosi?
Wakuu habarini, niko Mtwara mjini, nina Corolla 110 injini ya 5A, ndo inayonilisha, kila wiki naenda Masasi na kurudi. Sasa asubuhi nikiwasha inagonga tik tik tik upande wa ekzosi, ikishapata moto inapungua sana ila haiishi, na nikikanyaga mafuta kupanda mlima harufu ya moshi inaingia mpaka ndani, naogopa maana nabeba watoto.

Fundi wa kwanza kasema ni valvu, anataka apime nafasi (klirensi) za valvu injini ikiwa ya moto. Mimi najua hizi zinapimwa injini imepoa kabisa, valvu za kuingiza hewa nafasi kama 0.20 mm na za ekzosi 0.30 mm, halafu hazina skrubu ya kukaza, ni vishimu (visahani vya chuma vya unene tofauti) vya kubadilisha, ukikosea unaunguza valvu. Fundi wa pili kasema gasketi ya menifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) imeungua, na kweli nimeona masizi meusi pale inapokutana na silinda hedi. Shida stadi (bolti zinazoshika menifoldi kwenye hedi) zimeliwa na kutu, chumvi ya bahari huku haina huruma, zikikatikia ndani si ndo itabidi hedi ifunguliwe ishushwe?

Naombeni mliowahi kufungua: nianze na gasketi kwanza au nipime valvu? Stadi zenye kutu mnazilegezaje zisikatike? Na kama menifoldi imepinda, inapelekwa kusawazishwa au ninunue nyingine? Vishimu Mtwara au Lindi vinapatikana au mpaka niagize Dar?